Kontua na hailaita: mbona sisi weusi tunatoka na majivu usoni?

Haya wadau, leo naomba tuongelee uso. Kaka zangu msikimbie, wengi wenu ndio mnaopiga picha za harusi na ndio mnaotuletea ushahidi wa makosa yetu, kwa hiyo kaeni hapo hapo.

Naanza kwa kukiri kosa. Nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kujifunza kupamba, nilipewa bibi harusi nimpambe. Dada mweusi, ule weusi wa kung'aa, ngozi haina hata kipele. Nikatumia saa mbili na nusu. Pale saluni, chini ya taa ya tyubu, kila mtu alishangilia na mie nikavimba kichwa. Wiki mbili baadaye picha zikaja. Jamani! Uso wote kijivu, shingo nyeusi, mabega meusi, halafu kwenye mashavu mistari miwili kama mtu aliyejifuta masizi kwa kiganja. Mama yake akaniuliza, tena kwa upole kabisa, kama nilimpaka mwanawe majivu.

Ila kilichoniuma zaidi ni maneno ya bibi harusi mwenyewe. Alisema ngozi yake haipokei mekapu kwa sababu ni nyeusi mno. Miezi michache baadaye nikasikia ameanza mkorogo. Yaani rangi niliyokosea ni mimi, adhabu ikaenda kwenye ngozi yake. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, nikijaribu na kuuliza waliobobea, na leo nawamwagia nilichokipata.

Kwanza tuelewane kwenye majina. Kontua ni rangi iliyokolea kidogo kuliko ngozi yako, unaipaka pale unapotaka paonekane pameingia ndani. Hailaita ni rangi iliyopoa kidogo, au yenye kung'aa, unaipaka pale unapotaka paonekane pamejitokeza. Basi, hakuna mfupa unaosogea. Unalidanganya jicho la anayekutazama, na jicho linadanganyika kirahisi kwa sababu limezoea kitu kimoja: mwanga hutoka juu. Jua liko juu, taa ya sebuleni iko juu. Ubongo ukiona sehemu ya juu ina mwanga na ya chini ina giza, unasema hiki ni kilima. Ukiona kinyume chake, unasema hili ni shimo. Kama unabisha, tafuta picha ya mashimo ya mwezini uigeuze juu chini. Mashimo yanakuwa vichuguu, na picha ni ile ile.

Kuna mnyama anayeujua mchezo huu kuliko mpambaji yeyote wa Bongo, naye ni swala. Mgongo wake kahawia, tumbo lake jeupe. Jua likimpiga, mgongo unapata mwanga na tumbo linaingia kivulini, lakini rangi zake zimepangwa kinyume na hapo, kwa hiyo rangi na kivuli vinafutana. Kwa mbali anaonekana bapa kama ubao, na simba anapata kazi kumtofautisha na nyasi. Mchoraji mmoja wa Kimarekani, Abbott Thayer, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1896. Swala anafuta umbo lake ili asiliwe. Sasa wewe dada unayepaka faundesheni nyeupe uso mzima, ukashusha na poda nyeupe mpaka chini ya taya ambako kivuli ndiyo kwao, unafanya alichofanya swala. Tofauti ni kwamba yeye anajificha, wewe unakwenda kupigwa picha.

Utundu huu haukuanza na Instagram. Waigizaji wa jukwaani huko Ulaya walikuwa wakijichora vivuli usoni zamani sana, maana taa za jukwaa zilikuwa zinawafuta sura. Mwaka 1873 mwimbaji wa opera Ludwig Leichner alianza kutengeneza rangi za mafuta za waigizaji kule Berlin. Max Factor, aliyetoka Poland akahamia Marekani, akaja mwaka 1914 na rangi laini zaidi kwa ajili ya sinema. Miaka ya 1930 Marlene Dietrich alisifiwa mno kwa mashavu yake, na siri kubwa ilikuwa taa: aliwekewa taa moja kwa juu mbele ya uso, kivuli kikaanguka chenyewe chini ya mfupa wa shavu. Kevyn Aucoin akaandika vitabu vya mambo haya miaka ya 1990, halafu mwaka 2012 Kim Kardashian akaonyesha picha ya uso wake ukiwa na mistari kabla haijasambazwa. Hapo ndipo dunia nzima iliposhika brashi.

Sasa hebu angalia rangi za hao wote. Mapishi yalipikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na sisi tukayachukua na chumvi yake. Kwenye ngozi nyeupe kivuli ni rahisi, kahawia yoyote yenye ukijivu inaonekana. Kwenye ngozi yangu kahawia ile ile inakaa juu juu kama vumbi la barabarani.

Na wala si sisi wa mtaani tu. Iman, yule mwanamitindo Msomali aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda New York mwaka 1975, ameshasimulia mara nyingi kisa chake cha kazi yake ya kwanza na jarida la Vogue. Mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Hakuwa nayo. Akapakwa iliyokuwepo, akajitazama kwenye kioo, akajiona wa kijivu. Baada ya hapo akawa anachanganya rangi zake mwenyewe, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wa rangi kama yake. Niliposoma kisa hicho nilimkumbuka bibi harusi wangu. Kama Iman na uzuri wote ule alitoka majivu, basi ngozi ya yule dada haikuwa na kosa lolote.

Kwa nini majivu lakini? Hapa mnivumilie kidogo, ndiyo patamu. Faundesheni na konsila nyingi zinatengenezwa kwa rangi nne: nyekundu, njano na nyeusi zinazotokana na chuma (ni ndugu wa kutu), na nyeupe inayoitwa titani dioksidi. Ili rangi iwe ya watu weupe, inajazwa ile nyeupe. Sasa umewahi kuona maziwa yaliyotiwa maji yakiwa kwenye chombo cheusi? Yanaonekana ya bluu bluu. Moshi wa kuni nao, ukiwa mbele ya ukuta mweusi, unaonekana wa bluu. Chembe nyeupe ndogo ndogo zikikaa nyembamba juu ya kitu cheusi zinarudisha zaidi mwanga wa bluu. Ndicho kinachotokea usoni: rangi ya mtu mweupe, imesambazwa nyembamba juu ya ngozi nyeusi, inageuka bluu, inachanganyika na kahawia yako, unapata kijivu. Kuongeza poda hakusaidii, unaongeza maziwa tu. Dawa ni rangi yenye nyeupe kidogo na nyekundu na njano ya kutosha.

Zamani tungeweza kujitetea kwamba hazipatikani, na kweli zilikuwa adimu. Rihanna alipoleta Fenty Beauty mwezi Septemba 2017 akiwa na rangi 40 kwa mpigo, makampuni mengine yalishtuka yakaanza kuongeza rangi zao. Sasa hivi tatizo letu kubwa ni mifuko, na feki. Usinunue kopo kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake, nunua kwa sababu umejaribu rangi.

Kujaribu kwenyewe tunakosea. Watu wanapaka mgongo wa mkono. Mkono haufanani na uso! Paka mstari mdogo kwenye taya ushuke mpaka shingoni, halafu toka nje ya duka utafute mwanga wa mchana. Taa za tyubu zinadanganya, mimi ni shahidi. Rangi inayopotea kati ya taya na shingo ndiyo yako. Tena jiangalie vizuri: wengi wetu weusi paji la uso na pembeni mwa uso pamekolea kuliko katikati ya mashavu. Maana yake Mungu alishakupaka kontua, halafu wewe unaifuta kwa faundesheni moja nyeupe ya uso mzima kisha unaichora upya kwa hela. Chagua faundesheni ya sehemu iliyokolea, katikati ya uso ndiyo upapoozeshe kidogo. Umemaliza nusu ya kazi.

Kwa kontua, tafuta rangi iliyokolea kuliko yako kwa hatua mbili hivi, isiyong'aa kabisa. Kivuli hakimetimeti, ukiona imewekwa vumbi la dhahabu hiyo siyo kontua. Na isiwe na uchungwa, maana itaonekana kama umeungua na jua. Mtu wangu, kama ngozi yako imekolea sana, kahawia zinazouzwa kama kontua nyingi zitakuwa nyeupe kuliko wewe. Tafuta kahawia ya kahawa nyeusi. Faundesheni ya mtu aliyekuzidi weusi inafanya kazi hiyo vizuri tu, na hata rangi ya kope isiyong'aa inaweza kukutoa.

Mahali pa kupaka: weka kidole karibu na tundu la sikio, kishushe ukitafuta mfupa wa shavu. Chini ya mfupa pana kibonde. Hapo ndipo. Anzia sikioni kuelekea pembe ya mdomo, lakini usifike mbali, simama ukifika usawa wa mwisho wa jicho. Ukivuka hapo unaonekana mgonjwa. Kisha sambaza kwa sponji yenye unyevu kidogo, ukigongagonga kuelekea juu, siyo chini, maana ukishusha chini na mashavu yanaonekana yameshuka. Taya unapita chini yake, kwenye ukingo kabisa, na paji unapita karibu na nywele. Mistari ikionekana bado hujamaliza. Wale wanaopiga picha wakiwa na mistari kama punda milia wanaonyesha hatua ya katikati, wasikuzuge.

Cha mafuta kinatangulia, cha unga kinafuata. Ukipaka cha mafuta juu ya poda kitaganda mabonge mabonge na itabidi unawe uanze upya. Sisemi zaidi, nimeshanawisha watu.

Pua nitaipitia haraka kwa sababu nina msimamo wangu. Mteja akitaka, nachora mistari miwili myembamba pembeni na mwanga katikati, nasambaza. Asipotaka siigusi. Nimeona wapambaji wanakimbilia pua kabla hata ya kumuuliza mtu jina, kana kwamba ameileta saluni itengenezwe. Tena pua ni ya kwanza kuumbuka ukitoka jasho.

Sasa njoo kwenye hailaita, ambako kwa maoni yangu ndiko mtu mweusi anakopata raha. Hapa nilichelewa sana kuelewa. Ngozi nyeusi inameza mwanga mwingi, kwa hiyo vivuli juu yake havionekani sana, ila mng'ao unaonekana vibaya mno. Mtazame mtu mweusi sana akiwa juani: umbo la uso wake unalisoma kwa zile sehemu zinazong'aa, kwenye shavu, kwenye pua, juu ya mdomo. Vivuli hata huvioni. Kwa hiyo kwa mtu mweusi usitumie nguvu zote kwenye kontua, peleka kwenye mwanga. Nilipompamba yule dada nilifanya kinyume kabisa: nikamkandika poda mpaka mng'ao wote ukafa, halafu nikajaribu kuurudisha uso kwa mistari ya kahawia. Nilimwondolea kitu alichokuja nacho bure.

Rangi ya mwanga huo iwe dhahabu, shaba, au ya pichi iliyokolea. Fedha na nyeupe ya lulu zinarudisha yale yale ya maziwa. Weka juu ya mfupa wa shavu, juu kabisa, juu ya kile kibonde cha kontua. Kidogo kwenye mdomo wa juu pale penye kijibonde, kidogo chini ya mwisho wa nyusi. Paji la uso mimi siwekagi, maana joto la Dar litakuwekea lenyewe ndani ya nusu saa. Na kama huna hela, tone la vaseline kwenye mfupa wa shavu, gongagonga kwa kidole, linatosha kwa picha. Nimelitumia kwa wateja waliolipa na hakuna aliyelalamika.

Mwanga wa mahali nao uuangalie. Jua la saa sita mchana huku kwetu linapiga utosini, linachimba mashimo machoni na chini ya pua, lenyewe ni kontua tosha. Ukipigwa picha muda huo, ongeza mwanga chini ya macho na punguza kivuli. Jioni jua likiwa la pembeni, kila kitu kinapendeza. Flashi ndiyo adui. Inatoka mbele, sawa na macho ya mpiga picha, kwa hiyo inafuta vivuli vyote na uso unakuwa sahani. Kwa harusi ya usiku ndiyo unaruhusiwa kukoleza kontua kidogo. Halafu flashi inagonga chembe nyeupe za titani na zinki, au poda zile nyeupe zisizo na rangi zenye silika, uso unatoka na mabaka meupe ambayo kwenye kioo hayakuwepo. Mwaka 2014 yalimkuta Angelina Jolie mbele ya wapiga picha wa New York, unga mweupe usoni, na bila shaka aliyempamba hakuwa mwanafunzi kama mie. Kwa hiyo kabla mteja hajainuka kwenye kiti, mpige picha na simu, flashi ikiwa imewashwa. Sekunde tano tu. Mimi zingeniokoa.

Nirudi kwenye mkorogo, maana kuna watu wanachanganya. Wapo wanaodhani hailaita ni hatua ya kwanza ya kuwa mweupe na mkorogo ni hatua ya pili. Havina undugu. Hailaita inahitaji kilichokolea pembeni yake ili ionekane, ukishajichubua uso mzima unaondoa kile inachoegemea. Na dawa zenyewe ni hatari kwelikweli. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake na inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya bluu nyeusi ambayo hayaondoki kirahisi. Steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS tangu mwaka 2019, lakini vichochoroni vinauzwa, tena kwenye makopo yasiyotaja kilichomo. Ukiona kopo halisemi lina nini, liache hapo hapo.

Yule dada alirudi kwangu. Alikuwa na ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Mkorogo alikuwa ameshauacha, ila ulimwachia mabaka mawili, moja kila shavu. Sikujua niseme nini, nikamwambia tu kwamba safari hii simtozi. Nikalinganisha rangi na shingo yake, mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Mabaka nikayazimisha kwanza kwa rangi ya chungwa iliyokolea, tabaka jembamba, halafu faundesheni yenye rangi ya shingo yake. Kontua kidogo sana. Poda nikaigusisha kwenye pua tu. Shaba kwenye mashavu.

Nikampiga picha na simu, flashi ikiwa imewashwa, nikampa aangalie. Akaitazama muda mrefu, akaivuta kubwa, akaiangalia shingo, akarudi usoni. Halafu akaniomba nimwandikie kwenye karatasi jina la ile kahawia.